Komiki za Waringa

Watu wa mtaa wetu wa Shauri Moyo wakimkumbuka Wakiuru siku hizi husema alikuwa mama mpole aliyependa watoto na vitabu. Uongo mtupu. Wakiuru hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo mkali kuliko wangu, na mimi nauza samaki. Watoto wakigusa bidhaa zake na vidole vya mandazi aliwafukuza kwa matusi ya Kikikuyu ambayo hata mimi Mjaluo niliyaelewa. Nilikaa kando yake miaka mingi, mimi na karai langu la mafuta, yeye na gunia lake la komiki, kwenye njia ya kuingilia Soko la Burma. Askari wa kanju, wale wa baraza la jiji, walitutimua asubuhi, tukarudi kabla vumbi lao halijatulia. Kwa hivyo nikieleza habari zake, wale waliokuwa wakipita tu wanyamaze kidogo.

Komiki zenyewe zilikuwa kuukuu. Chache zililetwa na wapishi na mayaya waliofanya kazi kwa matajiri huko ng'ambo ya pili ya mji, watoto wa tajiri wakishazichoka. Nyingi alizitoa kwenye bucha. Siku hizo nyama ilifungwa kwa karatasi yoyote iliyopatikana: gazeti la juzi, kitabu cha hesabu, komiki. Wenye bucha walinunua karatasi hizo kwa kilo, wakazirundika chini ya meza, na mteja alikwenda nyumbani na matumbo yake yamefungwa ndani ya hadithi ya mtu. Wakiuru alipita bucha kwa bucha kabla ya kazi kuanza, akachambua lundo, akaokoa kilichookoleka. Kurasa zilizojikunja alizipiga pasi. Migongo iliyokatika aliishona kwa uzi wa nta wa fundi wa viatu. Kisha akafunika kila moja kwa karatasi ya kaki, vile tulivyofunika vitabu vya shule.

Lakini kazi yake hasa haikuwa kushona. Kazi yake ilikuwa kumjua msomaji. Mtu alikuja akitafuta zawadi, labda ya mtoto aliyepita mtihani, labda ya Krismasi, na badala ya kumwonyesha bidhaa, Wakiuru alimkalisha na kumhoji kama polisi.

"Anayepewa ni nani?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Anaitwa..."

"Jina sijakuuliza. Nataka kujua ni mtu wa aina gani. Anacheka na nini? Akiwa peke yake anafanya nini?"

Kulikuwa na Roseline, mfagiaji wa soko, aliyekuwa ameanza kwenda gumbaru, lile darasa la watu wazima. Alikuja kwa aibu kutafuta kitu cha kujipa zawadi mwenyewe baada ya kuandika jina lake kwa mara ya kwanza. Wakiuru alimchagulia hadithi ya mapenzi yenye maneno machache kwa herufi kubwa. "Picha ikuonyeshe bwana amekasirika," akamwambia, "halafu wewe utafute hasira imeandikwa wapi." Roseline alirudi kutaka nyingine, na nyingine, mpaka akawa anatusomea sisi sokoni, akijikwaa kila mahali, na ole wake aliyecheka. Kulikuwa na mwanamke ambaye bwana yake alilazwa hospitali baada ya kupigwa risasi na majambazi. Alitaka komiki ya makauboi, kwa sababu bwana alizipenda. Wakiuru akakataa katakata kumuuzia. Alimpa ya yule mpishi mlevi anayeunguza kila kitu, akasema mgonjwa anahitaji kucheka ila asicheke sana, nyuzi zisikatike.

Na kulikuwa na Javan, fundi wa reli, Mluhya mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Huyu alitaka zawadi ya kijana wake aliyekuwa akilelewa na nyanya huko Maragoli.

"Anapenda mambo ya ng'ombe," Javan akasema. "Ata akiwa mdogo alikuwa anachora ng'ombe kwa ukuta."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

Javan akatazama viatu vyake. "Si juzi sana."

"Ashaota ndevu?"

"Hiyo sijui, Mama Waringa."

"Hujui kama mtoto wako ana ndevu, na unataka nikuchagulie zawadi yake! Sasa unamnunulia yeye, ama unanunulia picha yake ya zamani? Enda nyumbani umwone. Ukishamwona, urudi."

Tulicheka, na Javan akaondoka masikio yamemwaka. Alirudi baada ya Pasaka akasema kijana ni mrefu kumpita na anataka mambo ya ndege. Wakiuru akamtafutia ya marubani.

Umesikia alivyomwita: Mama Waringa. Soko zima lilimwita hivyo, na wengi hawakujua Waringa ni nani wala yuko wapi. Mimi nilijua, kwa sababu aliniambia, na aliponiambia nilikasirika mpaka nikaunguza samaki.

Wakiuru alikuwa mwalimu. Si mwalimu wa chuo, ni wale walioandikwa bila mafunzo, lakini alifundisha, na watoto walijua kusoma. Akapata mimba ya kijana aitwaye Thuo, karani wa benki mwenye suti moja na maneno mengi. Wakati ule msichana mwalimu akipata mimba bila bwana, kazi imekwisha, na mwanamume huendelea na yake kama aliyepita njia. Thuo alimkana mchana kweupe. Mtoto akazaliwa, msichana. Kwa Wakikuyu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, lakini huyu baba hakuwepo, basi akapewa jina la mama mzazi wa Wakiuru. Akaitwa Waringa.

Walikaa wawili chumba kimoja Shauri Moyo, na gunia la komiki likawalisha. Thuo naye akapanda cheo, akaoa kanisani, akapata nyumba Buru Buru, zile nyumba mpya zenye geti na bustani mbele. Miaka ikapita mkewe hajazaa. Hapo ndipo ukoo wa Thuo ulipokumbuka kwamba kuna damu yao Shauri Moyo. Hawakuja kwa Wakiuru. Walipanda mpaka kwa baba yake huko Murang'a na mbuzi na pombe ya muratina, wazee wakakaa, wakanywa, wakala. Wakati Wakiuru anaitwa, mambo yalikuwa yamekwisha.

"Mbuzi zimeliwa," baba yake akamwambia. "Mtoto ana kwao sasa."

Naomba mnielewe vizuri. Hakuna aliyemshikia panga. Walimwambia mtoto atasoma shule nzuri, atalala kitanda chake, atakula nyama. Wakamwomba kitu kimoja tu, asikanyage Buru Buru, asije akamchanganya mtoto. Waringa alikuwa na miaka sita. Wakiuru akamfunga viatu, akamkabidhi. Mimi ningewauma wale wazee masikio, lakini mimi si yeye.

Alichojiwekea moyoni ni hiki, na alinieleza wazi: kila Krismasi na kila siku ya kuzaliwa ya Waringa atampelekea komiki, iliyo bora kuliko zote alizookota. Ndani yake ataandika "Kwa Waringa, kutoka kwa mama." Mtoto atakua akisoma. Siku moja atauliza, huyu anayejua ninachopenda ni nani? Na atakuja mwenyewe. Wazee walisema Wakiuru asiende. Hawakusema mtoto asije.

"Nitamshika na vitabu, Mama Caleb," aliniambia. "Wao walimshika na mbuzi."

Aliyezipeleka ni Bedan, fundi wa viatu wa Kaloleni, yule yule aliyempa uzi wa nta. Bedan alikuwa binamu yake Thuo, mmoja wa wale jamaa maskini wanaoruhusiwa kuingia kwa mlango wa jikoni. Kila mara akirudi Wakiuru alimngoja amesimama.

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana."

"Alisema nini?"

"Alisema asante."

Wakiuru aliishi kwa ile asante. Akipata komiki nzuri ya sungura aliyevaa kaptura, ama ya bata aliyepoteza kiatu, zenye rangi bado kali na kurasa zote, alizificha kwenye debe nyuma yangu. Mteja angetoa pesa yoyote, jibu lilikuwa moja: "Hiyo ina mwenyewe." Nilimwona akiwakatalia watu wenye magari. Sisi wengine tulikosa unga, yeye amekalia debe la komiki zisizouzwa. Nilimgombeza. Aliniambia nikaange samaki wangu.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda mpaka ule mwaka wa unga wa njano, wakati mvua ilipokataa na serikali ikatulisha mahindi ya Amerika ambayo tumbo liliyakataa. Hata nyama ilipungua. Bucha la Bile, Msomali aliyekuwa jirani yetu, lilifunguliwa siku ambazo ng'ombe amepatikana, na karatasi zilizokuwa zikiisha siku ile ile zikabaki chini ya meza bila nyama ya kufunga. Asubuhi moja Wakiuru aliingia kuchambua karatasi kama kawaida. Nilisikia kelele za kisu cha Bile, kisha kisu kikanyamaza.

Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti chini ya meza. Mkononi alikuwa na komiki ya kaki, imeshonwa kwa uzi wa nta, nusu ya kurasa hazipo. Ukurasa wa mbele ulikuwepo, na mwandiko wake mzuri wa ubao: Kwa Waringa, kutoka kwa mama. Chini yake kulikuwa na nyingine. Na nyingine. Moja ilikuwa imebaki jalada peke yake.

"Bile, kurasa za hii ziko wapi?"

"Nimefungia watu nyama, mama. Si ni karatasi?"

"Nani alikuletea?"

"Watu wanaleta kila siku. Mimi sishiki sura ya mtu wa karatasi. Kwani kuna nini?"

Wakiuru aliinuka. Alitoka na zile komiki kifuani, damu ya nyama ikamchafua sweta, akapita karibu nami bila kuniona. Niliacha karai langu mikononi mwa Roseline nikamfuata mpaka Kaloleni, kwa sababu nilijua anakwenda wapi na nilitaka kusaidia kupiga.

Bedan alikuwa ameketi chini ya bati lake, kiatu cha mtu mapajani, wateja watatu wanne wakingoja. Wakiuru alimrushia komiki usoni.

"Mwizi! Unauza vitu vya mtoto wangu kwa bucha! Unaniambia asante, asante, kumbe unakula mifupa na pesa yangu! Wewe unaimba kwaya na mdomo gani?"

"Mama Waringa, ngoja..."

"Ningoje nini? Watu wote wamwone huyu! Msimpe viatu vyenu, atauza soli!"

Wateja waliinuka. Mmoja alichukua kiatu chake hivyo hivyo, bila kisigino. Bedan alikuwa mzee asiyejua kugombana. Aliokota zile komiki moja moja, akazifuta kwa aproni yake, akatazama jina.

"Nilimpatia mkononi," akasema. "Zote. Naapa mbele ya Mungu. Ile ya asante, hiyo nilikuwa nasema tu. Alikuwa anachukua ananyamaza, na wewe ulikuwa unaniangalia na hayo macho. Lakini kuiba, hapana. Jumamosi nitamleta akwambie yeye mwenyewe."

Mimi nilidhani ni maneno ya mwizi. Wakiuru alisikia kitu kimoja tu: Jumamosi atamleta. Hasira ilimtoka pale pale. Njiani kurudi aliniuliza kama nina mafuta mazuri ya nywele ya kumwazima.

Jumamosi alikuja amevaa kitambaa cha kanisani. Alipangusa kigoda, akakiweka kando ya gunia kwa ajili ya mgeni, akakihamisha upande wa kivuli, akakirudisha. Debe alilifungua na kupanga juu zile komiki za sungura zilizokuwa zikingoja Krismasi. Sikumtania, na mimi hutania hata maiti.

Bedan alitokea upande wa Jogoo Road, na nyuma yake msichana mkubwa, mrefu kumpita Wakiuru, kifua kimejaa, nywele zimechomwa kwa kitana cha moto zikanyooka, kikapu cha kununulia nyama mkononi. Wakiuru alimtazama, kisha akatazama nyuma ya msichana, kama mtu anayengojea mwingine. Mimi niliona. Alikuwa anatafuta mtoto.

"Huyu ndiye," Bedan akasema. Akasimama mbali, hakutaka salamu yetu.

"Waringa," Wakiuru akasema.

"Habari yako." Msichana hakukaa. "Bedan amesema unamwita mwizi. Hakuiba kitu. Zilinifikia zote. Mimi ndio nilikuwa naleta kwa bucha."

"Wewe?"

"Mimi." Alisema bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kwetu hakuna mtu anaitwa Waringa. Mimi ni Njoki. Waliniita Njoki tangu siku ile nilifika, jina ya mama ya baba. Sasa kila mwaka inakuja kitu imeandikwa Waringa, kutoka kwa mama. Unajua mama akiona hiyo anafanya nini? Hanipigi. Hajawai nipiga. Ananyamaza tu. Anapika ananyamaza, ananipatia chakula ananyamaza, mpaka baba anatoka anaenda baa. Nikaanza kumngoja Bedan kwa geti, nachukua, naweka kwa kikapu, nikija kununua nyama naacha hapa."

Nilimjua Wakiuru, nilijua ana maneno ya kutosha kuwachoma Thuo na mkewe na wazee wote wa Murang'a. Hayakutoka.

"Hata hukusoma moja?" akauliza.

"Nilifungua. Ni za watoto wadogo." Msichana alitazama lile debe, yule sungura wa kaptura aliyekuwa juu akicheka na dunia. Nadhani alimhurumia Wakiuru, kwa sababu sauti ilishuka. "Mimi niko Form Two."

Nilitamani Wakiuru angemtukana. Nilitamani angelia. Badala yake alikaa wima, akakunja mikono, na akatoa ile sauti yake ya kazi, ile ya kuhoji wateja.

"Basi niambie. Unapenda nini? Nina za mapenzi, nina za wapelelezi. Nina moja ya wasichana wa bweni, haijawahi kuguswa. Chagua yoyote."

"Sipendi kusoma."

"Hakuna mtu hapendi. Ni vile hujapata yako."

"Mimi sipendi. Hata za shule nasoma tu kwa sababu ya mtihani." Alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kisha akasema, akitazama barabara, "Kitu nilikuwa napenda ni vile ulikuwa unanisomea. Ulikuwa unageuza sauti. Fisi ulikuwa unamfanya anaongea kama chifu."

Nilikuwa na samaki kwenye mafuta, na sikuwageuza. Wakiuru alichukua komiki ya juu kabisa, ile ile ya sungura, akaifungua ukurasa wa kwanza. Akakohoa kidogo kusafisha koo. Akakisogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa basi," akasema. "Kaa kidogo tu, nikusomee."

Msichana alikitazama kigoda. Aliyesema hakukitazama anadanganya, mimi nilikuwa pale. Alikitazama mpaka nikaamini atakaa, na Bedan kule alikosimama akavua kofia.

"Siwezi, anti," akasema. "Mama ananingojea nirudi na nyama."

Akashika kikapu chake vizuri, akaingia kwa Bile, akatoka, akaenda zake, wala hakuna kati yetu aliyemwita arudi.